Kupanda Ol Doinyo Lengai: hesabu saa kwa kurudi nyuma
Anayetaka kuona jua likichomoza akiwa juu ya Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania yenye urefu wa mita 2,962, siku moja kabla, akiwa kambini Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima, atazame ni saa ngapi mwanga wa jua unagusa kilele, kisha atoe saa 6 za kupanda na nusu saa ya akiba. Jibu ndilo saa ya kuanza kutembea kutoka chini ya mlima, na muda wa gari kutoka kambini nao utolewe hapo ili kupata saa ya kuondoka kambini. Muda huo wa gari ndio wengi husahau, nami nimo. Hesabu inafaa kwa sababu kilele hupata jua mapema kuliko kambi, na kwa kuwa mteremko hauna kivuli wala maji, ni heri uwe umeshashuka sehemu kubwa kabla joto halijapanda. Haitoshi baada ya mvua, kwani majivu magumu ya kwenye makorongo huteleza, wala kwa kundi lenye mtu mzito wa mwendo. Na mwongoza wageni akisema mlima umechafuka, mnabaki chini.