Udongo wa bonsai usiotuamisha maji, kwa vitu vya hapahapa Mombasa

Bonsai, ile miti inayokuzwa ibaki midogo kwenye vyombo vifupi, nyingi hapa Mombasa haziuliwi na jua, zauliwa na maji yaliyokwama chini ya chombo. Mtu ananunua bogenvilia au adeniamu (waridi la jangwani) kwa wale wauza miche wa barabarani kule Bamburi ama Mtwapa, anaitia kwenye chombo kifupi kizuri halafu anajaza udongo mwekundu na samadi kama anayepanda mchicha, masika yakipamba moto mwezi wa tano majani yanaanza kupukutika, yeye anadhani mti una kiu anazidi kuumwagia. Kumbe mizizi imeshaoza kitambo.

Sa kabla hujauliza udongo gani ni mzuri, elewa kwanza chombo kifupi kina tabia gani. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe ijae maji, ishike imelala bapa mpaka iache kudondosha. Ikiacha, isimamishe wima, utaona maji yanatoka tena na sifongo ni ileile. Udongo nao ni hivohivo, chini kabisa hubaki tabaka la maji lisiloshuka, kwenye ndoo ndefu tabaka hilo liko mbali na mizizi mingi lakini kwenye chombo cha inchi mbili laweza likala nusu nzima. Na ndo mana ile habari ya kutandaza kokoto chini eti maji yapite haisaidii kitu, maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo umelisogeza tabaka karibu na shina tu. Dawa yake ni chembe kubwa, tena zinazolingana, kutoka juu mpaka chini.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi ni chekeche, wala si pesa. Tafuta nyavu mbili: ule wa dirishani wa kuzuia mbu, na mwingine wa hadwea wenye matundu ya robo inchi. Kinachopita wavu wa mbu ni vumbi, mwaga. Kinachokwama kwenye wavu wa robo inchi ni kikubwa mno, kipondeponde tena. Unachotaka ni kile cha katikati, chembe za kama milimita 2 mpaka 6. Hapa ndo watu wanapokuwa wavivu, wanachekecha nusu gunia wanachoka wanachanganya na lililobaki, na hizo chembe ndogo zinakwenda kujaza nafasi zote za hewa, ikawa kazi bure.

Haya, uchekeche nini. Wajapani wanatumia akadama, udongo wao mgumu wa chembechembe, mzuri kweli lakini kuuagiza mpaka huku ni gharama na isitoshe hulainika baada ya muda. Mie naona haina haja. Kenya tuna pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu la kusugulia visigino, mashamba ya maua kule Naivasha wanaoteshea mawaridi. Linashika maji kidogo ndani ya vitundu na nje panabaki na hewa. Ukikosa pumisi ya kutosha, ponda vigae vya paa vya zamani au vyungu vilivyovunjika, ila viwe vimechomwa vikaiva. Viloweke usiku kucha, asubuhi finya kipande kwa vidole, kikimeguka kuwa tope achana nacho.

Makumbi ya nazi tunayo tele, na kokopiti yake, ule ungaunga wa makumbi, ni nzuri kwa kushika unyevu, lakini ya pwani mara nyingi ina chumvi. Iloweke, ikamue, mwaga maji, rudia mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe.

Mchanga wa baharini usiuguse. Una chumvi, ni laini mno, na umejaa vipande vya kombe na matumbawe ambayo ni chokaa tupu. Hata kokoto za hapa kwetu nyingi ni jiwe la matumbawe, kwahiyo kabla hujatumia dondoshea siki kidogo, ikitoa mapovu ni chokaa. Chokaa ikizidi, majani mapya ya bogenvilia hutoka ya manjano na mishipa inabaki kijani, mti unashindwa kufyonza madini ya chuma hata ukiupa mbolea. Mivinje ndo imeumbiwa shida hiyo, si ndiyo iliyopandwa kwenye machimbo ya simenti ya Bamburi tangu 1971 ikakubali? Bogenvilia si mvinje.

Vipimo ni kwa kopo lolote. Adeniamu na mbuyu: pumisi makopo 3, vigae 1, kokopiti usitie ama tia nusu kopo. Mkwaju, bogenvilia na jamii ya mikuyu: pumisi 1, vigae 1, kokopiti au mboji iliyochekechwa 1. Kama chombo kiko darini kwenye jua la kaskazi na wewe unashinda kazini, ongeza kokopiti kidogo.

Ukishapanda, mwagia maji uangalie. Yakizama hapohapo na kutoka chini mara moja uko sawa, yakisimama juu kama kidimbwi vumbi bado lipo. Kujua lini umwagie tena, chomeka kijiti cha mishkaki mpaka chini, kiache dakika kumi, ukichomoa kikiwa kimelowa na kuwa cheusi subiri. Adeniamu iache ikauke kabisa.

Mchanganyiko huu hauna chakula, kwahiyo mbolea kidogokidogo kila wiki mbili mti ukiwa unakua. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa chombo kitoe nje mvua ikinyesha kisuuzike. Mvua zikiwa za mfululizo, weka kipande cha ubao chini ya upande mmoja chombo kiinamie tundu, lile tabaka la chini litapungua.