Sampuli ya wanafunzi: anzia kwenye daftari la mahudhurio

Ukipewa kazi ya kukusanya data shuleni, tuseme wanafunzi hutembea dakika ngapi kutoka nyumbani, usiwaulize waliowahi getini. Wengi wao huenda wanakaa jirani, na wastani wako utakuwa umepinda kabla hujapiga hesabu.

Chukua madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote, uwape wanafunzi namba mfululizo. Wakiwa 240 nawe unataka kuwauliza 30 tu kwa niaba ya wote (hiyo ndiyo sampuli), gawanya: unapata 8. Andika 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, changanya, okota kimoja. Ikitoka 5, muulize wa 5, wa 13, wa 21, vivyo hivyo mpaka wa 237. Asiyekuwepo mfuate kesho yake. Tafadhali usimbadilishe na aliyekaa karibu, maana pengine hakuja kwa sababu kwao ni mbali mno.

Wala wingi wa majibu usikudanganye. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon angeshinda urais. Akashinda Roosevelt, tena kwa kishindo. Majina mengi ya watu wa kuwauliza lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, ambao enzi hizo walikuwa hasa watu wenye uwezo, si wapiga kura wa kila aina.