Moshi au vumbi? Kuusoma utando wa Januari kwa picha za setilaiti

Kila Januari hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zipo asubuhi ambazo Mlima Wati hauonekani. Anga limepauka kama maji ya kuoshea mchele, jua linachomoza jekundu bila miale, koo linawasha. Watu huniuliza jambo moja tu: ni moshi au ni vumbi? Mimi huandaa taarifa ya hali ya hewa kwa redio ya mjini, na mama mwenye mtoto wa pumu hupanga siku yake kwa jibu nitakalompa. Msimu mmoja nilitangaza kuwa ni moshi wa nyasi za jirani, upepo ukigeuka utaondoka. Kumbe vumbi la mbali, likakaa siku nne. Tangu hapo sitangazi kitu kabla ya kupitia hatua hizi. Hazina malipo, ni bando tu.

Hatua ya 1: picha ya rangi halisi

Fungua tovuti ya NASA Worldview, uongeze picha ya rangi halisi ya kifaa cha VIIRS kilicho kwenye setilaiti ya NOAA-20. Hupita juu yetu mnamo saa nane na nusu mchana, kwa hiyo ukifungua alfajiri tazama ya jana. Usivute ramani karibu mapema. Acha Juba, Ziwa Turkana na Kisangani vyote vionekane. Wingu ni jeupe pe. Moshi una kijivu chenye ubuluu, huanza mwembamba kama mkia kisha hupanuka. Vumbi lina rangi ya udongo mkavu na hutandaa kama shuka. Mng'ao wa fedha juu ya Ziwa Albert ni jua linaloakisiwa na maji tu.

Hatua ya 2: nukta za moto

Ongeza safu ya mioto ya VIIRS. Kila nukta ni kipande cha kama mita 375 ambamo joto la moto limeonekana. Haina maana kwamba kipande chote kimeungua. Desemba hadi Februari Sudan Kusini hujaa nukta, maana nyasi zimekauka na wafugaji huzichoma ili majani mabichi yachipue. Ikifika Juni hadi Agosti, nukta zimehamia Kongo, Zambia na Angola. Nukta isiyohama, usiku baada ya usiku, kule kwenye visima vya mafuta vya Sudan Kusini, ni gesi inayochomwa. Usiihesabu.

Hatua ya 3: upepo

Kwenye earth.nullschool.net chagua kimo cha 850 hPa (kipimo cha kanieneo ya hewa), yaani kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya mapaa yetu. Walio Kabale wachague 700, kwani wao wako juu zaidi. Weka kidole hapo ulipo, ufuate mistari kinyumenyume. Ukikutana na nukta za moto njiani, umeshapata mshukiwa.

Hatua ya 4: picha ya vumbi

Hapa ndipo nilipokosea mwaka ule, nami huwaomba wanaojifunza wasiiruke hatua hii. Nenda tovuti ya EUMETView, uchague Dust RGB, yaani picha ya vumbi, ya ile setilaiti ya Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kwa sababu inatuona kwa pembe nzuri kuliko ile iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 0. Picha hii haitumii mwanga wa jua. Inalinganisha miale ya joto inayotoka ardhini, kwa hiyo hufanya kazi hata usiku wa manane. Chembe za moshi ni ndogo mno, joto hupenya kana kwamba hakuna kitu. Punje za vumbi huzuia baadhi ya miale na kuacha mingine, na hapo rangi ya waridi hujitokeza. Basi kama picha ya mchana ilionyesha utando na hii haina waridi, elekea kwenye moshi.

Usitishwe na wekundu uliokoza. Hayo ni mawingu mazito ya juu. Pia hewa yenye mvuke mwingi hufifisha waridi, kwa hiyo cheza picha za saa kadhaa, maana hupatikana kila dakika 15, utazame kama kuna kitu kinachosogea. Saa zake ni za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu: 10:30 yao ni saa saba na nusu yetu. Ukiona waridi likianzia jangwa la Chalbi au kando ya Ziwa Turkana, kumbuka upepo pale hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukatoka kwa kasi kuelekea kaskazini-magharibi.

Hatua ya 5: shuka chini

Setilaiti huona hewa yote toka juu hadi chini, nasi tunavuta ile ya chini. Moshi unaweza kuelea kilomita tatu juu bila kumkohoza mtu. Tazama kihisi cha ubora wa hewa cha AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, kilicho karibu nawe. PM2.5 ni chembe za hewani zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, na PM10 ni zote zisizozidi mikromita 10. PM2.5 ikipanda na PM10 ikabaki karibu nayo, ni moshi. PM10 ikiiacha mbali, ni vumbi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa PM2.5 wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Nukta, upepo na kihisi vikikubaliana, na waridi halipo, ndipo ninapoandika: "Moshi kutoka kaskazini-mashariki. Wenye pumu wabaki ndani hadi adhuhuri, na dawa ya kuvuta iwe mkononi." Kisha natoka nje kuutafuta Wati.