Kulisha panya weupe bila kumwaga chakula

Kilichopungua kihorini si lazima kiwe kimeliwa. Wafugaji wengi wanapoona kihori kitupu huongeza, kumbe chakula kimezama kwenye maranda.

Anza na mizani. Panya mweupe mkubwa hula takribani gramu 5 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake. Panya 10 wa gramu 300 kila mmoja watakula gramu 150 kwa siku, yaani kilo 1 na kidogo kwa wiki. Kilo 1.5 ikiisha, karibu theluthi imemwagika. Kuhakikisha, tega chano chini ya sakafu ya wavu kwa saa 24, kisha anika makombo kabla ya kuyapima, maana mkojo huyaongezea uzito. Mama anayenyonyesha mtoe kwenye hesabu hii. Anaweza kula mara mbili au tatu ya kawaida yake, na asipunjwe.

Panya hula zaidi usiku, hivyo weka chakula jioni, upime mabaki asubuhi. Yafaa vibaki vipande vichache. Kihori kikikauka usiku wa manane, wababe wameshiba na wanyonge wamelala njaa. Wapime uzito mmoja mmoja kila wiki utawajua.

Upotevu mkubwa huletwa na mchanganyiko wa nafaka na mbegu. Panya huchambua alizeti na karanga, mengine huyaacha, nawe ukiongeza unawazoesha kuchagua. Tumia tembe ngumu, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa, ambazo kila kipande kina viungo vyote: protini asilimia 14 hivi inawatosha wakubwa wasiozaa, 18 hadi 20 kwa wanaokua na wanaozaa. Chekecha vumbi kabla ya kujaza, kwani hudondoka bila kuliwa.

Bakuli la sakafuni liache: wataliingia, watalikojolea, watalifukia. Ning'iniza kihori cha nyaya ambacho nafasi zake ni nyembamba kuliko tembe. Zikiwa pana, tembe nzima huvutwa hadi kiotani. Zikibana mno, meno hayafiki na panya hukonda chakula kikiwa tele. Kwa panya buku, kama wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, hata kihori kizuri hudanganya: wana mifuko mashavuni na huficha akiba, kwa hiyo kagua kiota.

Wakigoma kula, gusa kwanza mrija wa chupa ya maji. Ukiziba, panya mwenye kiu huacha chakula.

Kubana matumizi kusikufikishe kwenye mahindi au karanga zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, huharibu ini, na panya hana uwezo wa kutapika. Maharage mabichi pia usiwape. Nunua tembe zitakazoisha ndani ya miezi 6 tangu kutengenezwa, kwa sababu vitamini hupungua, na uzihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kichanja, mbali na ukuta wenye unyevu.