Dawa za kifafa zikianza kukuchezea akili na hasira, fanya hivi

Kama umeanza dawa ya kifafa alafu kichwa kizito, unasahau sahau, au nyumbani wanasema siku hizi husemezeki, usijione mvivu wala usidhani unachanganyikiwa, inawezekana kabisa ni dawa. Ila kabla ya yote: usiache kumeza ghafla. Ukikata ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kikakushika mfululizo bila kuachia, na hiyo inaua.

Jua unameza nini manake hazifanani. Topirameti inajulikana kwa kuficha maneno, yaani neno unalijua kabisa ila halitoki, mtu anaongea na wewe unamfuata kwa mbali. Levetirasetamu, wengine wanaijua kama Keppra, kichwa inakiacha vizuri ila baadhi ya watu inawaletea hasira za karibu, kulia ovyo na huzuni. Fenobabitoni inaleta usingizi na kufikiri polepole, na mtoto inaweza kumfanya kinyume, hatulii hata kidogo. Lamotrijini kwa wengi haisumbui sana akili.

Sasa chukua daftari, na hapa ndo pa kukazania. Andika tarehe uliyoanza, dozi, siku ilipopandishwa, umelalaje, umeshikwa lini, na siku hiyo hasira au usahaulifu ulikuwaje. Kifafa chenyewe nacho kinachosha ubongo na kuleta huzuni, kuna watu wanashikwa usiku usingizini wasijue, kwahiyo bila tarehe daktari anabahatisha tu, lakini ukimwonyesha mambo yalianza kuharibika wiki ileile dozi ilipopanda, hapo mna pa kuanzia. Mwombe na unayekaa naye aandike upande wake, hasira zako yeye anaziona kabla yako.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "sijisikii vizuri", sema "tangu tarehe fulani nashindwa kufuata hesabu nilizokuwa nafanya kila siku". Muulize kama dozi inaweza kupanda taratibu zaidi, kama dozi kubwa inaweza kuhamia usiku, na kama unameza dawa mbili tatu, zote bado zinahitajika? Kubadilisha kupo, mara nyingi mpya inapanda huku ya zamani ikishushwa kidogo kidogo.

Kitu kimoja usisubirie tarehe ya kliniki: mawazo ya kujiua. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2008 kuhusu dawa hizi kwa ujumla. Yanawapata wachache, ila yakikujia mwambie mtu saa hiyohiyo, akupeleke hospitali hata kama ni usiku, na asikuache peke yako njiani.