Namna ya kufuatilia ukuaji wa ubongo wa mtoto njiti akiwa nyumbani

Mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37 huitwa njiti, na hapa Kigoma kina mama wengi huruhusiwa kutoka naye wodini wakiwa wamefundishwa mambo mawili, yaani kumnyonyesha na kumkinga na baridi. Jambo la tatu, ambalo litaihusu familia kwa miaka kadhaa, mara nyingi hupita bila kuelezwa: namna ya kuangalia jinsi ubongo wake unavyokua. Mwongozo huu unahusu jambo hilo, na nimeuandika kama muuguzi aliyewaona watoto wengi wakiletwa wakiwa wamechelewa, baada ya ndugu kuambiana kwamba mtoto atakua tu.

Kwanza ieleweke kilichotokea. Wiki za mwisho za mimba ndizo ambazo ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi. Mtoto wa wiki 35 ana ubongo wenye uzito wa takriban theluthi mbili ya ule wa mtoto aliyetimiza siku zake. Kwa aliyezaliwa kabla ya wiki 32, mishipa midogo ya damu iliyo kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo ni laini mno, na msukumo wa damu unapopanda na kushuka huweza kupasuka na kuvuja, mara nyingi ndani ya siku 3 za kwanza za maisha. Pia zile njia nyeupe zinazopitisha taarifa kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine huweza kuumia pale damu au oksijeni inapopungua, au mwili unapopambana na maambukizi. Malaria katika ujauzito, maambukizi ya njia ya mkojo, shinikizo la damu na mimba ya mapacha ni miongoni mwa vinavyoleta uchungu wa mapema au kulazimu mtoto azalishwe kabla ya wakati, na mara nyingine sababu haionekani kabisa. Si mkono wa mtu, wala si kosa la mama. Nalisema wazi kwa sababu mama anayelaumiwa na wakwe huacha kuhudhuria kliniki, na mtoto ndiye anayeumia.

Kabla ya kutoka hospitali

Omba yafuatayo yaandikwe kwenye kadi ya mtoto: alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi, alikuwa na uzito gani, kama alishindwa kupumua, kama alipata degedege, na kama umanjano wake ulihitaji matibabu ya mwanga. Uliza kama kichwa chake kimepigwa ultrasaundi. Kipimo hiki hupitia kwenye utosi ulio wazi, hakina maumivu wala mionzi, na huonyesha kama damu ilivuja. Uliza vilevile kuhusu macho na masikio. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana, hasa aliyewekewa oksijeni, anahitaji macho yake yachunguzwe takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa, kwa kuwa mishipa ya nyuma ya jicho huweza kukua vibaya na kuleta upofu ambao ungezuilika. Ikiwa kipimo fulani hakipatikani mahali ulipojifungulia, uliza utakipata wapi, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni au Bugando kule Mwanza, na uondoke na karatasi ya rufaa mkononi.

Kumbeba kifuani

Njia ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika wodi iliyokosa mashine za kutosha za kutunzia joto, na wengine bado huidhani ni tiba ya wasio na uwezo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa kuwa huokoa maisha, na mtoto asiyepoa, anayenyonya vizuri na kupata usingizi mzito huupa ubongo wake nafasi ya kukua.

Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya kifua chako, ngozi kwa ngozi, miguu ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeukie upande na kidevu kiinuliwe kidogo ili njia ya hewa isizibe. Mfunge kwa kitenge ambacho ukingo wake wa juu unafika chini ya sikio lake, kisha vaa nguo yako juu. Baba anaweza kumbeba, na bibi pia. Kwa familia za vijiji vya mwambao wa ziwa, kusini mwa mji, ambazo husafiri kwa boti hadi mjini, huu ndio usafiri salama wa mtoto njiti: upepo wa Tanganyika wa alfajiri humpoza mtoto wa kilo moja na nusu kwa muda mfupi sana, hata akiwa amefungwa mablanketi matatu, kwa sababu blanketi halitengenezi joto. Endelea hadi afikie kilo 2.5 au aanze mwenyewe kujinyonganyonga kutaka kutoka.

Kuhesabu umri wake wa kweli

Hapa ndipo wazazi wengi hupotea, baadhi kwa hofu isiyo na msingi na baadhi kwa matumaini yasiyo na msingi. Mtoto njiti ana umri wa aina mbili. Upo ule wa tangu siku aliyozaliwa, na upo umri uliorekebishwa, unaohesabiwa tangu siku ambayo angetimiza wiki 40. Toa wiki alizozaliwa kwenye 40, kisha kile kinachobaki kitoe kwenye umri wake wa sasa. Aliyezaliwa wiki ya 30 aliwahi kwa wiki 10. Akitimiza miezi 6, ambayo ni wiki 26, umri wake uliorekebishwa ni wiki 16, yaani bado kidogo afikishe miezi 4. Kumlinganisha na mtoto wa jirani mwenye miezi 6 aliyeanza kukaa ni kumwonea.

Tumia umri uliorekebishwa kupima maendeleo yake hadi atimize miaka 2. Chanjo, hata hivyo, hufuata umri wa tangu kuzaliwa, na kuzichelewesha kwa kuwa mtoto ni mdogo ni kumwacha bila kinga wakati anapoihitaji zaidi.

Nini cha kutazama

Nunua daftari, uandike tarehe na ulichokiona. Kwa umri uliorekebishwa, mtoto hutabasamu akitabasamiwa anapofikia miezi 2 hivi, na hufuata uso wako kwa macho. Kwenye miezi 4 anashikilia shingo, na viganja vyake havikai vimefumba kila wakati. Akifika miezi 9 bila kuweza kukaa peke yake, au miezi 18 bila kutembea, mpeleke achunguzwe. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Zipo dalili ambazo hazihitaji kusubiri umri wowote. Miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi unapomnyanyua, mwili unaolegea kama kitambaa, mgongo unaojipinda nyuma mara kwa mara, au kupaliwa kila anaponyonya, vyote vyaweza kuwa mwanzo wa mtindio wa ubongo, yaani shida ya kudhibiti viungo inayotokana na ubongo kuumia. Dalili ambayo familia huifurahia kwa kutojua ni mtoto anayependelea mkono mmoja kabla ya mwaka 1. Husemwa kwamba amezaliwa na shoto au kwamba ni mwepesi wa mkono wa kulia, kumbe upande wa pili ni dhaifu.

Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi uliovimba mtoto akiwa ametulia, na macho yanayoelekea chini huku weupe ukionekana juu ya mboni, ni dalili za maji kujaa kichwani, jambo linaloweza kufuata damu iliyovuja. Huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na utosi usipakwe dawa yoyote. Vivyo hivyo kwa degedege. Na ipo degedege isiyofanana na ile tunayoijua: mtoto wa miezi michache, hasa anapoamka, hujikunja ghafla kama anayeinama kusalimia, mikono ikitanuka, kisha hurudia tena na tena kwa mafungu. Mrekodi kwa simu ukiweza, kwa maana daktari akiiona picha hiyo hutambua haraka, na kila wiki inayopita bila tiba huurudisha ubongo nyuma.

Kumsaidia akue

Ubongo wa mtoto mchanga una uwezo mkubwa wa kujitafutia njia nyingine pale moja ilipoharibika, na uwezo huo hupungua kadiri anavyokua. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimpata katika miezi 6 humsaidia zaidi kuliko akimpata katika miaka 3. Nyumbani, mlaze kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku akiwa macho na wewe ukiwa karibu. Zungumza naye ukikoroga uji, ukichambua dagaa, ukifua. Zungumza Kiha, zungumza Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza umpe zamu yake.

Ubongo pia hujengwa kwa chakula. Njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, hivyo uliza kliniki kuhusu dawa ya matone, maana maziwa ya mama peke yake hayaijazi. Anapoanza kula, uji wa muhogo mtupu humshibisha bila kumjenga. Changanya dagaa waliosagwa vizuri, maharage, na mawese kidogo. Alale ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria kali huweza kuuumiza upya ubongo uliokwisha kuumia mara moja.

Anapoingia shule

Watoto wengi waliozaliwa njiti husoma bila shida. Hata hivyo kadiri mtoto alivyozaliwa mapema zaidi, ndivyo uwezekano wa kupata ugumu wa hisabati, wa kutulia na wa kushika maagizo mengi kwa pamoja unavyoongezeka, na ugumu huo huweza kujificha hadi darasa la pili au la tatu, mtoto akiwa anatembea na kusema vizuri kabisa. Akiambiwa «futa ubao, leta daftari, kisha kaa mbele», atafuta ubao na kusimama. Huo si ukaidi, na fimbo haitautibu. Pima kwanza macho na masikio yake. Kisha mpelekee mwalimu lile daftari la tangu utotoni, umweleze alizaliwa wiki ya ngapi, na umwombe amweke mstari wa mbele, ampe agizo moja kwa wakati, na amwache ahesabu kwa vijiti au punje za maharage kwa muda mrefu kuliko wenzake.