Mafuta ya Kupikia Ughaibuni: Chupa Ipi, Kopo Lipi, Vijiko Vingapi

Watu wengi wa Afrika Mashariki waliohamia nje huamini kwamba unene na lehemu (cholesterol) vimewapata kwa sababu ya baga, piza na vyakula vingine vya ugenini. Kwa sehemu wako sahihi, lakini ukichungulia sufuria katika nyumba za Waswahili walioko London, Toronto au Muscat utakuta kwamba mafuta mengi yanatoka katika chakula chetu wenyewe, kile kilichokuwa cha sikukuu na sasa kimegeuka kuwa cha kila siku. Nyumbani, wali wa nazi ulimlazimu mtu kukaa juu ya mbuzi akune nazi, kuku alichinjwa alipofika mgeni, na chapati katika nyumba nyingi zilisubiri Idi, Krismasi au angalau Jumapili. Huku kopo la tui hufunguliwa kwa dakika moja, mapaja ya kuku huuzwa kwa bei ya chini kuliko mboga za majani, na lita tano za mafuta hubebwa dukani bila mtu kuulizwa. Hakuna haja ya kuacha pilau wala mahamri, ila kuna haja ya kujua ni mafuta gani yanayoingia chunguni na ni kiasi gani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ambapo gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4 tu. Hilo ni kweli kwa mafuta ya aina yoyote, yawe ya mzeituni au ya ng'ombe. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yote anayokula mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya kalori zake za siku, na yale yaliyoshiba ("saturated", aina inayoelezwa hapa chini) yasizidi asilimia 10. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni takriban gramu 66 za mafuta yote, na ndani yake gramu 22 za yaliyoshiba. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina gramu 14 hivi, kwa hiyo vijiko vitano vinatosha kumaliza kipimo cha siku nzima kabla ya kuhesabu nyama, maziwa, karanga au biskuti za saa kumi. Mpishi anayemimina kwa kukadiria kwa jicho moja kwa moja kutoka kwenye chupa hawezi kujua ametia vijiko vitatu au tisa. Ushauri wa kwanza, basi, ni wa bei ya bure: weka kijiko kikubwa kando ya jiko, pima mafuta kila unapokaanga kitunguu, kisha gawanya idadi ya vijiko kwa idadi ya walaji.

Baada ya kiasi huja aina. Mafuta yaliyoshiba kwa kawaida huganda katika joto la chumba, kama siagi, samli, mafuta ya nyama na mafuta ya nazi, na yakizidi hupandisha ile lehemu mbaya, LDL, inayojijenga katika kuta za mishipa ya damu. Mafuta yasiyoshiba hubaki maji, nayo hupatikana katika alizeti, soya, mzeituni, karanga, korosho, parachichi na samaki wenye mafuta. Faida ya moyo hupatikana pale yaliyoshiba yanapopungua na nafasi yake ikachukuliwa na yasiyoshiba, au na nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde. Anayeacha samli kisha akajaza pengo hilo kwa mkate mweupe na soda hajafanya biashara ya maana. Anayehamia kwenye ugali wa dona, maharage na mbaazi amefanya.

Nazi inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoleta ubishi mkubwa kuliko yote. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba, kiwango kinachopita hata kile cha siagi, na ndiyo maana mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri rasmi wa kutoyatumia, wakati ambapo maduka ya Ulaya na Amerika yalikuwa yanayauza kama dawa. Watu wa pwani hujibu kwamba babu zetu walikula nazi na hawakuugua moyo. Jibu hilo lina uzito wake, lakini linasahau namna nazi ilivyotumika. Mpishi wa Unguja au Lamu alikamua tui zito akaliweka kando, akakamua tena tui jepesi la pili na pengine la tatu, akapikia wali au muhogo kwa lile jepesi, na lile zito akalitia mwishoni kwa kiasi. Nazi moja au mbili zililisha nyumba yenye watu wengi, ambao mchana kutwa walikuwa wamelima, wamevua au wametembea kwa miguu, na chakula chenyewe kilikuwa samaki, muhogo na mchicha.

Sasa tazama kopo la mililita 400 linalouzwa katika duka la Waasia. Mengi yana gramu 17 hivi za mafuta katika kila mililita 100, na karibu gramu 15 kati ya hizo ni yaliyoshiba. Kopo zima, kwa hiyo, lina gramu 60 za mafuta yaliyoshiba. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza inashauri mwanamume asizidishe gramu 30 kwa siku na mwanamke asizidishe gramu 20. Mume na mke wanaomaliza kopo moja katika samaki wa kupaka wa chakula cha jioni wamekula gramu 30 kila mmoja kutoka kwenye tui peke yake. Kopo hilo likigawanywa kwa watu sita, kila mmoja hupata gramu 10, na hapo hesabu huanza kukaa sawa. Njia nzuri ni kurudi kwenye desturi yenyewe: chukua robo ya kopo, liongeze maji likawa tui jepesi la kupikia wali, bakiza vijiko viwili vya tui zito vya kumalizia, na kilichobaki kigandishe katika trei ya barafu ili ukitoe kipande kimoja kimoja. Makopo yaliyoandikwa "light" aghalabu ni tui lililotiwa maji, na hakuna sababu ya kulipia maji ya mtu mwingine. Tena, si lazima kila mboga ipate nazi. Mchicha wa karanga na kisamvu cha karanga ni vyetu pia, na mafuta ya karanga kwa sehemu kubwa hayajashiba. Tafuta tu siagi ya karanga isiyotiwa sukari wala chumvi.

Kwa wenzetu wa Kongo, Burundi na Kigoma, suala ni mawese. Karibu nusu ya mafuta yake ni yaliyoshiba, hivyo yako katikati ya nazi na alizeti. Yale mekundu yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini kuyachoma hadi yapoteze rangi huiharibu. Yanafaa kutiwa kidogo katika sombe au maharage kwa ajili ya ladha, na kukaangia kuachiwe mafuta mengine.

Kuhusu chupa ya kila siku, usibabaishwe na picha za mbele. Chupa iliyoandikwa "vegetable oil" nchini Uingereza kwa kawaida ni mafuta ya rapa, na nchini Marekani kwa kawaida ni ya soya, nayo yote mawili yanafaa. Mafuta ya rapa, yanayoitwa kanola Amerika Kaskazini, yana takriban asilimia 7 tu ya mafuta yaliyoshiba, alizeti takriban 11, na mzeituni takriban 14. Aliyezoea alizeti ya Singida ataipata alizeti karibu kila nchi ya Ulaya. Mzeituni ni mzuri, hasa kwa kachumbari na mboga, ila asiyeweza kuumudu asijione amepungukiwa, kwa kuwa rapa ya bei nafuu nayo inaufaa moyo.

Kukaanga katika mafuta mengi ndiko kunakoharibu hesabu. Sambusa, bajia, kaimati na mahamri hunywa mafuta zaidi yakiwa hayajapata moto wa kutosha, au karai likijazwa kupita kiasi hadi joto likashuka. Subiri mafuta yachemke sawasawa, kaanga machache kwa awamu, kisha yachuje juu ya waya badala ya kuyarundika katika bakuli. Sambusa zilizopakwa mafuta kwa brashi na kuokwa katika oveni hutoka kavu na ngumu kidogo, na wazee watalalamika, lakini kwa futari ya mwezi mzima tofauti yake ni kubwa. Kwa chapati, kijiko kidogo kimoja kwa kila upande kinatosha ikiwa unga umekandwa ukalainika na ukapumzishwa. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara kadhaa, yaliyogeuka rangi na kutoa povu, yamwagwe, tena katika chombo cha taka, maana katika sinki huganda na kuziba mabomba, na fundi wa mabomba huku si wa bei ya nyumbani.

Mafuta ya transi ndiyo mabaya kupita yote, kwa kuwa hupandisha lehemu mbaya na kushusha ile nzuri kwa wakati mmoja. Hutengenezwa kiwandani mafuta ya mimea yanapogandishwa nusu kwa hidrojeni. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea kikomo, mwaka 2003. Marekani na Kanada zilipiga marufuku mafuta hayo ya kugandishwa nusu mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta tangu Aprili 2021. Kwa hiyo hatari katika maduka makubwa imepungua sana. Yanayotakiwa kuangaliwa ni majarini na mafuta ya mgando yanayosafirishwa ndani ya masanduku kutoka nyumbani, pamoja na samli za mimea na biskuti zilizoagizwa kutoka nchi zisizo na sheria kama hizo. Ukiona maneno "partially hydrogenated" kwenye orodha ya viungo, rudisha. Nchini Marekani mtengenezaji anaruhusiwa kuandika sifuri ikiwa kiasi ni chini ya nusu gramu kwa mgao mmoja, kwa hiyo orodha ya viungo ni shahidi mwaminifu kuliko ile namba.

Lebo nazo husomwa kwa desturi ya kila nchi. Uingereza na Ulaya huonyesha kiasi kwa kila gramu 100, jambo linalorahisisha kulinganisha bidhaa mbili. Kwa vipimo vya Uingereza, zaidi ya gramu 5 za "saturates" (mafuta yaliyoshiba) katika gramu 100 hupewa rangi nyekundu, na gramu 1.5 au pungufu hupewa kijani. Ujerumani neno la kutafuta ni "gesättigte Fettsäuren", na Sweden ni "mättat fett". Marekani hutumia asilimia ya mahitaji ya siku: 5 au chini yake ni kidogo, 20 au zaidi ni nyingi. Huko angalia kwanza ukubwa wa mgao, kwa kuwa pakiti inayoonekana ya mtu mmoja huweza kuhesabiwa kuwa ya wawili au watatu.

Nyama ya kusaga ina asilimia yake ya mafuta juu ya pakiti, na kwa sambusa au katlesi ile ya asilimia 5 inatosha kabisa, kwa kuwa viungo ndivyo vinavyoleta ladha. Kuku atolewe ngozi kabla ya kupikwa mchuzi. Chai ya maziwa nayo isisahauliwe na wanaokunywa vikombe vinne kwa siku: maziwa ya Uingereza yenye kifuniko cha buluu yana mafuta yake yote, ya kijani yamepunguzwa hadi nusu hivi, na ya chekundu karibu hayana. Watoto chini ya miaka miwili hawahusiki na upunguzaji huu, kwani wanahitaji maziwa kamili kwa ajili ya kukua.

Samaki ndipo sisi wa pwani na wa maziwa makuu tunapotangulia, ikiwa hatutaiacha desturi hiyo uwanja wa ndege. Vibua, sadini, heringi na samoni wana omega 3, aina mojawapo ya mafuta yasiyoshiba, na Uingereza inashauri angalau mlo mmoja wa samaki wa aina hiyo kwa wiki, wa gramu 140 hivi. Sadini na vibua vya kopo vinahesabika, jodari wa kopo hahesabiki. Mjamzito asizidishe milo miwili ya samaki hao kwa wiki, na aepuke kabisa papa na samaki wakubwa wa jamii ya nduaro kwa sababu ya zebaki, hata kama papa mkavu ameletwa na mama mkwe kutoka Mombasa. Samaki hao wenye mafuta wana vitamini D pia, ila kwa mtu mwenye ngozi nyeusi anayeishi kaskazini hawatoshi peke yao. Uingereza inamshauri afikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Lehemu iliyozidi haiumi wala haionekani kwa unene, na wembamba wengi wanayo. Nchini Uingereza, wakazi wa England wenye umri wa miaka 40 hadi 74 wasio na maradhi fulani ya kudumu hualikwa kupimwa kila baada ya miaka mitano bila malipo. Barua hiyo isitupwe. Majibu ya huko huandikwa kwa milimoli kwa lita, na jumla inayotakiwa kwa kawaida ni chini ya 5. Marekani huandika kwa miligramu kwa desilita, na inayotakiwa ni chini ya 200. Anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine azidishe namba ya Uingereza kwa 38.7 ili kupata ya Marekani, na ampe daktari mpya karatasi za majibu ya nchi zote mbili. Aliyekwisha andikiwa dawa za lehemu aendelee nazo wakati anabadilisha mapishi, hadi daktari mwenyewe atakapoona vipimo vipya na kuamua.